Aliyeshika Panchi

Mke wangu Flavia alirudi kwao Isikizya kwa sababu ya mdomo wangu. Hakufumaniwa mtu, hakupigwa mtu. Nina gereji ndogo hapa Isevya, na yeye ndiye aliyekuwa akinishikia panchi tangu tuoane. Panchi ni kile kipande cha chuma unachokielekeza kwenye pini iliyoganda. Mmoja anashika, mwingine anapiga nyundo. Pini ikiwa ndani sana unataka panchi ndefu, na panchi ndefu haijishiki yenyewe. Mkono wa mwenzako unakaa chini ya nyundo yako, na wewe ndiye mwenye macho. Flavia alishika miaka yote hiyo, na sikuwahi kumgusa hata ukucha.

Sasa mimi nina hasira za karibu. Siku hiyo pini ya lori la bwana mmoja, Ngollo, ilinikatalia tangu asubuhi, nikaipiga kama mtu anayeua nyoka, chuma cha pembeni kikapasuka. Ngollo akaja juu. Nami, mbele ya watu wote, nikamwambia mke wangu ndiye aliyepindisha panchi. Flavia aliiweka panchi chini taratibu, akajifuta mikono, akaingia ndani kufunga nguo zake. Haikuwa mara ya kwanza. Kwangu mimi kila kinachoharibika kina mwenyewe, na mwenyewe huwa si mimi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema wazee. Mimi nilikuwa namtwika hadi wa kwangu, halafu nashangaa anachoka.

Nikatuma watu. Majibu yaliyorudi yalikuwa mafupi: hana ugomvi na chuma cha Ngollo, anataka mume anayejua kusema "ni mimi". Basi. Mjomba wake, mzee Masolwa, akapanga tukae Jumapili baada ya misa, atusikilize wote wawili, aamue kama Flavia anarudi Isevya au anabaki kwa mama yake.

Kabla ya hiyo Jumapili nikasikia trekta la mama mkwe limelala. Mama Marcelina ni mjane, na trekta lile kuukuu ndilo linalomlisha. Huwalimia majirani msimu ukifika. Pini ndefu inayoshikilia ekseli ya mbele ilikuwa imelika, inatakiwa nyingine, na ile ya zamani haitoki. Mafundi wa pale walikuwa wameipiga mpaka wakaiacha. Mvua zimeshaanza, watu wanauliza. Nikasema moyoni, mkono mtupu haulambwi, hapa ndipo pa kuingilia. Nikitoa pini ile, Jumapili nani atanisema?

Nilijaribu kwanza kutengeneza panchi kwa nondo nene ya kujengea. Nikaijaribu gereji kwenye chuma kigumu, ikajikunja kama muwa, na kichwa chake kikafumuka. Nondo ni laini, nilijua, uvivu tu. Nikazunguka kwa wauza chuma chakavu mpaka nikapata kipande cha ekseli ya lori, nikampelekea fundi wa kukereza, akakipunguza unene mwisho mmoja ili kipite tundu lote bila kugusa kuta. Ikatoka panchi ya urefu wa kwapani mpaka kiganjani. Nikaifunga kwenye pikipiki, nikaenda Isikizya kifua mbele. Jamani, mtu na chuma chake.

Kwetu mama mkwe humtazami usoni. Humpi mkono, hukai naye mkeka mmoja. Misa anakwenda, simu janja anayo, lakini hilo halijafutwa na yeyote. Nilichuchumaa pembeni ya uwanja, macho chini, nikatoa shikamoo yangu. Akaiitikia kutoka mlangoni. Flavia alikuwa barazani anamenya karanga. Nikamwomba aje anishikie. Akasema nishike mwenyewe, kwa kuwa akishika yeye huwa inapinda. Nilistahili, nikameza.

Nikafunga panchi kwa waya, ikaanguka. Nikaiegemeza kwenye tofali, nyundo ikagonga, ikaruka. Jua likapanda, pini haikujali. Nikawa natukana kimoyomoyo, nikijua barazani kuna mtu anayeyajua matusi yangu hata nikiyameza. Mara nikaona miguu ya mama mkwe inakuja. Alikaza kanga yake kiunoni, akachuchumaa penye pua ya trekta, akaishika panchi.

"Piga, baba," akasema. "Mvua haizisubiri hizi adabu zetu."

Hapo ningekataa. Ningemwita jirani, ningempigia magoti Flavia, ningerudi kesho na mtu wa kazi. Lakini nilitaka kuonekana nimemaliza. Nikanyanyua nyundo.

Kila fundi anajua macho yanakaa wapi: kwenye kichwa cha panchi, mpaka nyundo ifike. Lakini kichwa cha panchi kilikuwa karibu na uso wa mama mkwe, na kukitazama ni kumtazama yeye. Nikajifanya naweza yote mawili, nishike adabu na nipige nyundo. Nikakipima kichwa kwa jicho la pembeni, nikageuza shingo, nikapiga. Nikapiga tena, na mlio ukabadilika. Pini ilikuwa inatembea. Furaha gani ile! Panchi ilizama pamoja na mkono wake mpaka mkono ukagota kwenye mwili wa trekta, akausogeza nyuma, karibu na kichwa. Ndivyo inavyotakiwa. Flavia hufanya hivyohivyo, nami huona, husubiri. Safari hii sikuona, maana nilikuwa natazama kuku.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Yesu wangu," polepole.

Karanga zilimwagika barazani. Flavia alifika, akamfunga mama yake mkono kwa upande wa kanga, damu ikapita. Akaniinulia uso. Alinisubiri niseme. Mimi nikasema bodaboda wako wapi siku hizi, mbona hawaonekani. Akaondoka naye barabarani, wakapata usafiri, wakaenda hospitali. Na mimi nilibaki nikamalizia pini. Nilitafuta tawi lenye panda, nikaiegemezea panchi, nikapiga mpaka pini ikadondoka upande wa pili, nikatia mpya, nikawasha trekta. Sijui niwaambie nini kuhusu hilo. Kila nikilikumbuka natamani ardhi inimeze, trekta na mimi.

Mifupa ya vidole viwili ilivunjika, na kimoja walisema hakitakunja tena.

Jumapili tukakaa. Mzee Masolwa alianza mbali, kama kawaida yake, kwa mababu waliobeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka pwani bila kutua mzigo ovyo. Mama Marcelina alikaa nyuma ya pazia la mlangoni, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Masolwa akauliza mkono ule umepatwa na nini, maana amesikia mengi na hataki ya mtaani.

Nilikuwa nimejiandaa. Naapa nilikuwa nimejiandaa, njia nzima nilikuwa nayarudia yale maneno mawili. Lakini sauti ikatangulia nyuma ya pazia.

"Ni mimi niliyesogeza mkono vibaya," akasema mama mkwe. "Mkwe wangu hana kosa."

Alikuwa anainusuru ndoa ya binti yake. Mama gani asingefanya? Na mimi nikaona mlango umefunguliwa, upepo mzuri unapita. Flavia alikuwa kwenye kigoda mbele yangu. Aliinua kichwa akanitazama, bila hasira hata kidogo, na hapo nikajua kwamba bado alikuwa ananitaka. Alikuwa ananingoja.

"Ndivyo, mkwe?" Masolwa akaniuliza.

"Ndivyo, mzee," nikasema.

Flavia akarudisha macho chini, akaanza kunyoosha pindo la gauni lake. Mzee Masolwa akafurahi. Akasema mkwe anayekuja na chuma chake kumtolea mjane pini bila kuitwa si wa kuachwa. Akasema chombo kimoja kikikaa na kingine lazima vigongane. Akamwambia Flavia afungashe. Hakubisha. Aliingia ndani, akakaa sana na mama yake, akatoka na begi. Mama mkwe alitusindikiza kwa sauti tu, akinitakia safari njema, na mimi nikamshukuru kwa kichwa kilichoinama. Safari hii hata bila mila nisingeweza kumtazama.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha Isevya salama, na mke nimempakia. Njiani nilimwambia kwa sauti ya kushindana na pikipiki kwamba nitarudi, nitamwambia mjomba ukweli. Akanijibu nitazame barabara. Nyumbani akapika, akanitengea, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nilitafuta ugomvi nikaukosa.

Jumatatu alikuja bwana mmoja na mashine ya kukobolea mpunga, pini yake imegandia ndani kabisa. Nikaichukua ile panchi ndefu. Sikumwita Flavia, sikuthubutu, lakini alikuja mwenyewe. Akatoa kipande cha kitenge kikuukuu, akakizungusha mkononi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ngumi ikawa nene, akakaza fundo kwa meno. Miaka yote aliyonishikia hakuwahi kufunga hata uzi.

Yule mteja, mtu wa watu, akamwonea huruma.

"Dada, pole. Umeumia mkono?"

"Bado," Flavia akamjibu, akachuchumaa, akashika panchi.