Jasho la Mama Basili

Mwenye jasho hula. Hivyo ndivyo Hilaria alivyolelewa kule Mbulu, na nani angembishia? Basi kila jioni, akishatembea saa nzima kutoka nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali hadi geti kubwa na kurudi, alijipa chapati mbili. Alikula kwa amani kabisa, maana miguu yake ilikuwa imezifanyia kazi.

Mizani ya zahanati ikamwumbua. Kilo themanini na saba, zilezile za wiki mbili nyuma.

"Hizo chapati mbona hukuzitaja, Mama Basili?" Nesi Perpetua, aliyemhoji mpaka akakiri, alishika kiuno. "Chapati moja yenye mafuta ni karibu saa nzima ya kutembea. Wewe unatembea saa moja, unakula za saa mbili! Utapungua lini?"

"Sasa nesi, nikitoka jasho nisile?"

"Kula. Siku ya kazi nzito ongeza kidogo, usije ukaanguka. Lakini ukirudisha chote, umejichosha bure."

Hilaria aliona aibu, kisha akaogopa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na kila mwezi damu ilimtoka mpaka akapata kizunguzungu. Daktari alisema hatampasua kabla hajashuka hadi kilo themanini na tano, kwa kuwa presha yake ilikuwa juu na aliihofia dawa ya usingizi. Akiikosa nafasi ya mwezi ule, angengoja mpaka baada ya mavuno. Na damu haingojei mavuno.

Chapati akaziacha. Alikula ugali wa ngumi moja na mboga, akalala akimsikiliza mumewe Margwe akitafuna, akamchukia kidogo. Ikabaki nusu kilo kufikia themanini na tano. "Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka majina ya watakaopasuliwa," Perpetua akamwambia.

Jumamosi, je? Jumamosi, Hilaria akamweleza, ilikuwa palizi kwa mama mkwe wake, Fransiska, huko Tlawi. Loo! Kwa watu wa huko, waliokuja kukusaidia shamba hawaondoki na njaa, na anayeacha chakula chako amekutukana mbele ya majirani. Hilaria alilima na wenzake tangu umande haujakauka mpaka jua likapita utosini. Njaa ilimkwangua tumbo.

Fransiska akamwekea mwenyewe sahani ya bati: ugali kama kichuguu, nyama, na maziwa mgando yenye mafuta yake juu.

"Kula, Mama Basili. Umelima kama wanawake wawili!"

Hilaria alikula nusu, polepole. Hiyo nusu nyingine aliitamani, Mungu anajua. Akaisukuma sahani.

"Eeh!" Fransiska akapaza sauti ili wote wasikie. "Mikate ya shamba la serikali imekuharibu ulimi? Ugali wangu unanuka?"

Ingekuwa rahisi kula yote, mkwe acheke, mambo yaishe. Hilaria alinyoosha mkono, akaurudisha, machozi yakamtoka. Akainuka, akamwomba mkwe wake waende nyuma ya nyumba, na huko akamweleza yote, damu, uvimbe, mizani, Jumatatu.

"Muda gani?" Fransiska aliuliza.

"Mwaka wa pili sasa, mama."

"Miaka miwili unamwaga damu, na mimi napita kwa majirani kusema mke wa Margwe anaringa, hataki kuongeza mtoto?"

"Niliona aibu kukwambia."

"Aibu!" Bibi akashika kichwa. "Aibu ni yangu, mwanangu." Akamfuta uso kwa pindo la kanga yake, kwa nguvu, kama anayemfuta mtoto kamasi.

Walirudi pamoja. Fransiska alikuwa amekwisha kula, na kwa umri wake nyama ilimsumbua tumbo, kila mtu alijua. Hata hivyo aliketi karibu na Hilaria, akaivuta ile sahani.

"Jasho la huyu leo nalila mimi," akawaambia wanawake. "Mwenye neno aseme."

Akala. Akatua, akapumua, akala tena mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Jumatatu asubuhi Hilaria alipanda mizani bila viatu, na sindano ikatulia kwenye themanini na tano. Perpetua aliinama kuhakikisha, kisha akapiga makofi.

"Na Jumamosi ulilima! Ulikula nini?"

"Nusu sahani."

"Waliokualika wakakubali? Hiyo nusu nyingine aliila nani?"

Hilaria alitazama nje. Fransiska, aliyesafiri naye jana yake, alikuwa kwenye benchi akikanda tumbo lake kwa mikono miwili, midomo ikicheza sala, bado hajui sindano imesema nini.

"Mama yangu," akajibu.