Bima ya Bwana Boke

Boke Waitara alikuwa na bima ya kila kitu kisichoweza kulia. Pikapu ilikuwa na bima. Mota mpya ya karasha ilikuwa na bima. Hata paa la stoo lilikuwa na bima, na humo stoo hamkuwa na kitu zaidi ya majembe mawili na kuku anayeatamia. Watu tu ndio hawakuwa nayo, kwa sababu watu, kwa maelezo ya Boke mwenyewe, wana akili, na mwenye akili anajichunga.

Karasha lake lilikuwa Kerende, kando ya barabara ya vumbi, likisaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Wanakuja na viroba vyao, wanapanga foleni, mashine inanguruma kutwa nzima. Kati ya mota na mashine kulikuwa na mkanda mpana unaozunguka kwa kasi, uko wazi kabisa, hata kipande cha bati cha kuuzuia hakuna. Mkaguzi wa usalama kazini, dada mpole aitwaye Nice, alipouona alirudi nyuma hatua tatu. Akaandika maagizo: mkanda ufunikwe kwa wavu wa chuma, wafanyakazi wapewe barakoa na viatu vigumu, mtu asisogelee mashine na nguo inayoning'inia. Boke akamshukuru sana, akamnunulia soda, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi, ile karatasi ya maagizo akaitandika chini ya madumu ya oili ili meza isichafuke.

"Mama, ule mkanda," Gati akaanza.

"Mkanda huu unanijua," Boke akamkatiza. "Miaka sita tuko pamoja, hatujakosana."

Gati alikuwa mke wa Boke. Kwa aliyefika Tarime jana na bado anashangaa: hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Boke alikwenda Nyarero na ng'ombe kumi na nane, akarudi na Gati, binti mwenye cheti cha kidato cha nne na mdomo ambao hakuna aliyeutaja siku ya kukabidhi ng'ombe. Sasa ilikuwa miaka tisa na watoto watatu, wote wakiitwa Waitara, jina la mume wa Boke aliyefariki zamani. Kerende nzima hakuna aliyeona ajabu.

Isipokuwa Sylvester. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, akiishi Mugumu huko Serengeti, na upendo wake kwa shemeji yake ulikuwa mkubwa mno. Akisikia Boke amekohoa, kesho yake kabla ya saa nne yuko Kerende, anazungukazunguka kiwanja na kukipima kwa macho. "Ndoa ya wanawake wawili haina karatasi," alipenda kusema, tena huku akila ugali aliousonga Gati. "Siku shemeji akifumba macho, karasha ni la ukoo, na huyu binti atarudi kwao Nyarero." Halafu anaomba aongezewe mboga. Gati anamwongezea kwa hofu, maana alijua yule mzee hatanii. Yeye na watoto wake hawakuwa na kipande chochote cha karatasi.

Kwa hiyo siku Ezra, wakala wa bima kutoka mjini Tarime, alipopita akitangaza bima ya maisha na ajali, Gati alimshika asiondoke. Kumshawishi Boke kulichukua wiki tatu. Boke alikubali siku Sylvester alipokuja safari hii na futi kamba, akapima kiwanja kweli, kwa mita.

Ezra akatoa simu yake, akaanza kujaza fomu.

"Hali ya ndoa, mama? Mjane?"

"Nimeoa."

"Umeolewa."

"Wewe mura, kijana mzima, una masikio? Nimeoa. Mwenza wangu ni huyu hapa, Gati. Nikifa, apewe yeye."

Ezra akaandika. Simu ikakataa, ikatoa maandishi mekundu. Akaandika tena, ikakataa tena. Akajifuta jasho, kwa kuwa mwezi ulikuwa unaisha na wateja aliotakiwa kuwapata walikuwa hawajatimia. Akakitazama kitambulisho cha Boke kwa heshima zote, akakirudisha mezani kifudifudi, kisha penye KE akabonyeza ME. Simu ikaleta rangi ya kijani.

"Imekubali!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto.

"Kaka Ezra," Gati akasema, "hapo umemwandika mama kuwa mwanaume."

"Ni mambo ya mfumo tu, dada. Mfumo ukishakubali, tumemaliza."

Gati alimgeukia Boke apate kuungwa mkono. Wapi! Boke alikuwa ameshachanua meno yote. "Ng'ombe nilitoa mimi. Nyumba nimejenga mimi. Mwanaume mwingine hapa ni nani, jogoo? Huo mfumo una akili kuliko shemeji yangu."

Cheti kilipokuja kiliandikwa Bwana Boke Waitara. Boke akakitia kwenye fremu yenye kioo, akakitundika juu ya mota. Na tangu siku hiyo akaamini kwamba ajali imeshalipwa ikae mbali. Mfanyakazi akikohoa vumbi na kuomba barakoa, anaambiwa atazame ukutani. Jiwe likiruka na kumkosa mtu kichwa kwa inchi mbili, Boke anakionyesha cheti kwa kidole: "Mmeona inavyofanya kazi?" Gati akisema kwamba bima haizuii jiwe, inalipa baada ya jiwe, anaambiwa shule zimemharibu.

Ikafika Aprili, mvua za masika, kila kitu kimelowa. Saa sita mchana mkanda ukaanza kuteleza. Boke akausogelea huku mashine inazunguka, akaurudisha kwa kiganja kama alivyozoea, huku anaugombeza. Pindo la khanga likanaswa, khanga ikauvuta mkono. Gati ndiye aliyeruka kuzima swichi. Mashine ilipotulia, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimebaki huko. Gati akavua kitenge chake, akaufunga ule mkono, akampakia Boke kwenye pikapu na kuikimbiza mpaka hospitali mjini Tarime, analia, anapiga honi, anamtukana Ezra, yote kwa pamoja. Ile pikapu, tumshukuru Mungu, ilikuwa na bima.

Majibu ya madai yalichukua mwezi mmoja. Barua ilikuwa na adabu kupita kiasi. Kumbukumbu zetu, ilisema, zinaonyesha kwamba mwenye bima ni mwanaume wa miaka hamsini na minane. Vyeti vya hospitali mlivyowasilisha ni vya mwanamke. Tafadhali mleteni mwenye bima.

Sylvester alikuwa ameshafika, bila shaka. Akaisoma barua mara mbili, uso unang'aa. "Si wanataka mwanaume? Nitakwenda mimi. Mali ya ukoo isipotee hivihivi."

Boke akaiangalia mikono ya Sylvester, mmoja baada ya mwingine. "Una vidole kumi, shemeji. Mkanda uko pale, nenda kapunguze vitatu kwanza."

Sylvester akaiingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, akakumbuka kwamba chai yake inapoa.

Boke na Gati wakaenda wenyewe ofisini, mjini. Dada wa dirishani aliwasikiliza vizuri, akasema jambo lenyewe ni dogo sana. Tutabadilisha jinsia, mama awe mwanamke, na fedha za vidole zitatoka wiki hii hii. Ila mwanamke hawezi kuwa na mwenza mwanamke kwenye mfumo. Kwa hiyo huyu Gati atatolewa hapo.

"Atawekwa wapi?" Boke akauliza.

"Zipo nafasi nyingine. Mtoto wa kumzaa, ndugu wa damu, mfanyakazi wa ndani. Tumwandike mfanyakazi wa ndani. Atalipwa vilevile, mama, hakuna tofauti."

"Nilitoa ng'ombe kumi na nane kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani?"

Dada akatabasamu, hakuwa na sehemu ya kujaza ng'ombe. Gati alishamwona Sylvester amesimama kwenye kikao cha ukoo, miwani puani, anasoma karatasi yenye muhuri: mfanyakazi wa ndani. Karatasi ya kwanza kabisa ya ndoa yake, na imeandikwa hivyo. Lakini aliona pia ule mkono uliofungwa bandeji, na alijua Boke anavyopenda hela. Akainamisha kichwa, akasubiri.

"Acheni ilivyo," Boke akasema. "Mimi ni mwanaume."

"Mama, utakosa fedha za vidole!"

"Vidole vimeshakwenda. Watoto wangu bado wapo, na si watoto wa mfanyakazi wa ndani."

Dada akasema basi haina shida, michango ya kila mwezi iendelee kulipwa tu kama kawaida. Hilo halikuwa na kikwazo chochote kwenye mfumo.

Ndani ya pikapu Gati alilia mpaka akashindwa kuona barabara, ikabidi aegeshe pembeni. Miaka tisa alikuwa anatajiwa ng'ombe: chumvi ikizidi anatajiwa ng'ombe, akichelewa kisimani anatajiwa ng'ombe. Hakujua kama anapendwa. Sasa alijua, na alijua pia jambo jingine, na ule mdomo wake haukuweza kulinyamazia.

"Mama, siku ukifa watauliza hivihivi. Watataka maiti ya mwanaume. Sitapata kitu."

Boke alizitazama wiper zikienda na kurudi.

"Kwa hiyo nimesamehe vidole vyangu bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Basi sitakufa," Boke akasema, kwa sauti ileile ya kutangaza bei ya kusaga kiroba.

"Kwa ule mkanda, utakufa mwaka huu huu."

Gati akawasha gari.

Walipofika Kerende, mashine ilikuwa inanguruma, foleni ya viroba imefika barabarani, na Sylvester amekaa kwenye kiti cha mbao cha msimamizi, miguu ameinyoosha, anaamrisha wafanyakazi. Alikuwa anawasaidia tu, alisema. Gati akashuka, akapita katikati ya watu bila kusalimia, akazima swichi. Kukawa kimya, watu wakasikiana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hakuna kusaga mpaka huu mkanda ufunikwe," akasema. "Fundi wa kuchomelea nimeshampigia. Na wafanyakazi hawarudi kazini bila barakoa. Asiyeweza kusubiri abebe mawe yake."

Wachimbaji wakaanza kupiga kelele, wengine wakivuta viroba vyao. Sylvester akasimama nusu, akamgeukia Boke aliyekuwa anashuka taratibu kutoka kwenye gari, mkono kifuani.

"Shemeji, unaona mambo haya? Huyu binti anasimamisha kazi za watu kama nani?"

Watu wote wakamgeukia mwenye mali.

"Kama mke wangu," Boke akasema, akisikika mpaka barabarani. "Na wewe, toka kwenye kiti chake."