Gauni Lililowahi

Jumatatu asubuhi Mama Pindo alifungua duka lake la ushonaji, akafagia vipande vya nyuzi, akanyunyiza maji mlangoni ili vumbi litulie, kisha akaenda dirishani kutazama sanamu ya kuvalishia nguo imeamka na mwili wa nani.

Ndivyo alivyoanza kila wiki. Sanamu ile haikuwa na kichwa wala mikono. Aliinunua kwa mshonaji mmoja aliyekuwa anastaafu, na tangu ilipoingia dukani ilikuwa ikigeuka umbo na kuwa na mwili wa mtu atakayehitaji nguo karibuni. Iliwahi kutoka tumbo la mimba, Mama Pindo akashona magauni mapana, yakamsubiri binti wa muuza viatu wa jirani ambaye mwenyewe alikuwa bado hajajua. Iliwahi kuwa mtoto wa shule, mwembamba, ikakataa kila kitambaa isipokuwa cha kijani. Kitambaa isichokitaka kiliteleza chini, basi. Shule zilipofunguliwa na ikatangazwa kwamba sare zote sasa ni za kijani, washonaji wengine walikimbizana kutafuta kitambaa. Kwake sare zilikuwa zimeshapigwa pasi na kukunjwa. Kwa faida ya sare hizo alinunua chumba cha duka.

Mtaani walisema ana jicho la biashara. Yeye alisema jicho ni la Mungu, na kabla ya kukata kitambaa chochote alifumba macho kidogo, mkasi mkononi, akaomba.

Jumatatu hiyo sanamu ilikuwa mwanamke. Nyonga pana, kifua kilichonyonyesha, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Mama Pindo aliizunguka, pini mdomoni. Hakumtambua. Alijaribu kitambaa cha maua, kikateleza. Alijaribu cha bluu, kikateleza. Akaweka cheusi, kikakaa.

"Mjane," alisema.

Akamwombea mwanamke huyo na mumewe, kisha akapima. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini mfiwa akija leo anataka nguo jana. Alishona mikono mirefu na kola ndogo, akamaliza pindo Jumatano. Hakuna aliyekuja kuliulizia gauni.

Alhamisi jioni mumewe, fundi wa friji, alipita kumchukua warudi nyumbani, mfuko wa bisibisi begani. Alisimama mbele ya sanamu.

"Umejishonea lini hili?"

"Si langu. La mteja."

"Mteja gani? Hilo bega ni lako. Miaka yote hii natembea nyuma ya bega hilo, nisilijue?"

Mshonaji hujua vipimo vya mtaa mzima, ila nguo zake mwenyewe hushona kwa kukisia, kwa kitambaa kilichobaki. Mama Pindo hakuwahi kujipima. Alimpa mumewe futikamba, akasimama wima, mikono imetanuliwa. Mume alipima kifua, kiuno, nyonga, kisha akaipima sanamu. Hakukuwa na tofauti hata ya unene wa uzi.

"Basi ni mimi," alisema mumewe, akakaa kwenye benchi la wateja. "Na pindo umeshamaliza?"

"Jana."

"We mwanamke! Hata hili usingechelewa kidogo?"

Walicheka, kisha wakaacha.

"Unaumwa wapi?" aliuliza Mama Pindo.

"Siumwi popote."

Mama Pindo alichukua wembe akafumua pindo lote. Asubuhi walilikuta limeshonwa upya kwa mkono wake mwenyewe, mishono midogo ambayo angeitambua popote. Mumewe aliitazama akasema, "Haya. Twende ofisi ya viwanja."

Wakati wa kununua chumba kile, ofisi iliuliza jina la mkuu wa nyumba, na chumba kikaandikwa jina la mume. Mume na mke walisema watarekebisha baadaye. Wote wawili walijua kwa nini sasa haifai kungoja. Mume alikuwa na kaka mkubwa aliyeitwa Bwana Kikao, kwa sababu hata kikombe kikivunjika aliitisha kikao. Mdogo wao wa mwisho alipofariki, kikao kilifanyika sufuria za msiba hazijaoshwa, na mjane akatoka na godoro tu.

Ofisa wa viwanja aliwakaribisha vizuri.

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana."

"Mna ugomvi?"

"Hapana. Nataka duka liwe kwa jina la mke wangu. Ni jasho lake."

"Sasa haraka ya nini?" Ofisa alimgeukia Mama Pindo. "Mama, mume mzima hivi, unamleta hapa aandike mali. Ungekuwa kwenye kiti hiki, ungefikiria nini?"

"Gauni limekwisha kushonwa," alisema Mama Pindo.

Ofisa aliitikia kwa kichwa. Suti yake ya harusi ilimsubiri katika duka hilo kabla hajapata mchumba.

"Naijua sanamu yako. Ndiyo maana naogopa. Akifa baada ya kuandika, watu watauliza ulijuaje. Na mimi wataniuliza. Kaka yake mkubwa aje aseme ukoo hauna neno, nami nitaandika siku hiyohiyo."

Walitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Bwana Kikao. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hili linahitaji kikao," alisema.

"Kikao cha nini, kaka? Neno moja tu."

"Kuna aliyekataa? Sijasikia aliyekataa. Tutakaa Jumapili."

"Shemeji, Jumapili ni mbali," alisema Mama Pindo.

Bwana Kikao alifumbua macho. "Kwa nani?"

Mke akisema ni kwa mume, anamuua kwa ulimi wake. Mume akisema ni kwake mwenyewe, anaonekana amerogwa. Waliaga wakaondoka.

Jumamosi Mama Pindo alimkataza mumewe kupanda ngazi, kugusa waya na kuvuka barabara. Akamweka dukani, kwenye benchi, mahali ambapo angemwona. Alikanyaga cherehani huku midomo ikienda kwa sala, na kila mguu uliposimama aligeuka kumtazama.

"Unanitazama kama maziwa jikoni," alisema mumewe.

"Kaa hapo hapo."

"Nimekaa. Nipe basi kazi, nitaota mizizi."

Alimpa mashati apige pasi. Alipiga vizuri, akisifia vifungo, akiwasalimia wapita njia. Mara mbili alikohoa, na mara mbili mkewe alisimama. Adhuhuri waliletewa chai. Alikunywa nusu, akaweka kikombe chini ya benchi kisije kikamwagikia nguo, akaisimamisha pasi kwa kitako chake kama alivyofundishwa, akakaa, na hakuendelea.

Mama Pindo alichomoa pasi. Kisha akapiga kelele.

Gauni lilimkaa sawasawa. Waombolezaji waliligusa mikono wakaambiana kwamba hata leo, maskini, amewahi.

Mazishi yalikuwa Jumapili asubuhi, na kikao kilifanyika mchana kama kilivyopangwa. Kwa kuwa ukoo wote ulikuwa umeshafika, Bwana Kikao alishukuru kwamba hakuna aliyeingia gharama ya kusafiri mara mbili. Mama Pindo alisimama mbele yao na kueleza alichotaka mumewe. Walimsikiliza mpaka mwisho. Ikaamuliwa kwamba duka ni la marehemu, na la marehemu ni la kaka yake.

Jumatatu alirudi ofisi ya viwanja, katika gauni lilelile. Ofisa alisimama kumpa pole, na macho yake yalikuwa na machozi kweli.

"Mama, ungekuja mapema."

"Nilikuja."

"Ulikuja mapema mno," alisema ofisa. Alifikiri kidogo kama kulikuwa na siku nyingine katikati ambayo angemshauri, akatazama kalenda ukutani, hakuiona.

Bwana Kikao hakumfukuza. Alisema yeye si mkatili. Mashine zitabaki, na shemeji yake atabaki kwenye mashine, alipwe mwisho wa mwezi kama fundi yeyote. Yeye mwenyewe aliweka meza karibu na mlango. Kila Jumatatu Mama Pindo aliizunguka sanamu, akamwambia rangi, naye akaagiza kitambaa. Baada ya muda Bwana Kikao alizoea kuagiza akiwa amefumba macho, na wafanyabiashara wa mtaa wakaanza kuja kumwomba ushauri.

Siku moja aliingia muuguzi kijana, anahema. Ameitwa kuanza kazi kesho katika hospitali nyingine, anahitaji sare nyeupe, na kila duka limemwambia arudi wiki ijayo. Sare ilikuwa kwenye sanamu. Ilibaki kupunguzwa urefu kidogo, maana msichana alikuja na viatu bapa.

Alipanda kwenye kigoda. Mama Pindo alipiga magoti nyuma yake na pini.

"Mungu akubariki sana, mzee," msichana alimwambia Bwana Kikao, mkono kifuani. "Akuzidishie hapahapa ulipo."

"Amina," alisema Bwana Kikao.

Mama Pindo alitoa pini mdomoni, akasema amina, kwa kuwa ilikuwa sala, kisha akaendelea na pindo.