Madebe ya Akong'o

Mimi sikuwa mtu wa maua. Nasema mapema ili mtu asije akanisingizia. Ua haliliwi, halikamuliwi, wala halizuii mwizi mlangoni. La nini sasa? Ndivyo nilivyomwuliza Tryphosa Akong'o siku alipohamia chumba changu cha kupangisha pale Keroka, mwaka wa hamsini na mbili, yeye na mumewe Obiero, fundi cherehani, watu wa kutoka ziwani. Vyombo vyao vilijaa mkokoteni mmoja. Mkokoteni wa pili ulibeba maua matupu! Yalikuwa kwenye madebe ya mafuta taa, kwenye mikebe ya samli, hata kwenye sufuria iliyotoboka.

"Mama, tumehama Kisumu, tukahama Oyugis, tukahama Kisii," alinijibu akicheka. "Kitanda kilivunjika njiani. Maua yamefika yote."

"Basi sikia, binti yangu," nikamwambia. "Hapa kwangu mpangaji atapanda maharagwe na mboga, ale, amalize. Kitu cha kukaa mwaka hadi mwaka hakiingii ardhini. Umenisikia?"

Ukali ninao, sikatai, lakini siku hiyo ulikuwa na sababu. Kwetu mgeni akiotesha kitu cha kudumu kwenye ardhi ya mtu, ni kama amesema, "Mimi nimekaa." Kesho kutwa wajukuu wake wataonyesha shina lile na kudai. Nami nilikuwa mjane, na shemeji yangu Ogari, ndugu wa marehemu mume wangu, aliitazama ile ploti kama paka anavyotazama samaki wa mwenzake.

"Ndiyo maana nina madebe, Mama," alisema Akong'o. "Sitaki ardhi ya mtu. Nataka tu nikiamka nione ua."

Haya. Nikakaa naye, na vituko vyake nikaviona. Kila kopo alilitoboa kitako kwa msumari, eti maji yasilale humo yakaozesha mizizi. Udongo aliuchanganya mwenyewe, samadi na mchanga, akiupapasa kwa vidole utadhani anakanda unga. Ua likitaka jua, alilihamisha kwenye jua. Kuku wangu walipoanza kuchakura, alitundika mikebe ukutani, kuku wakabaki kutazama juu kama wajinga. Na siku ile ya mvua ya mawe! Migomba yangu ilichanika vipande vipande, mboga zangu zikalala chali. Akong'o alitoka mbio akaingiza makopo yake barazani moja moja. Nilimtukana huku nikimsaidia kubeba.

Halafu nikashikwa na malaria. Nilipofumbua macho, nikakuta mkebe wa maua mekundu ya jerania kando ya kitanda changu.

"Hii nayo imefuata nini hapa?" nikauliza.

"Huwezi kutoka uyaone, basi yamekuja yenyewe," akasema, akaninywesha uji. Nilinung'unika sana. Lakini alipotaka kuuondoa ule mkebe nilimwambia auache, na kusema kweli tangu siku hiyo nilimpenda kama niliyemzaa. Aliniambia mambo mengi nilipokuwa nikipata nafuu. Aliniambia, "Mama, nimechoka kufunga mizigo." Obiero alikuwa ameanza kupata wateja, na yeye na mumewe walikuwa wameanza kutuzoea.

Sasa mwaka wa tatu, Ogari akaja na wazee wawili. Hakukalia hata kiti.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "watu wanasema mgeni wako amepanda. Kama amepanda, kesho aondoke na cherehani ya mumewe. Sitaki kesi ya ardhi na watu wa ziwani."

Mzee Nyasani, aliyekuwa mkubwa wao, alikuwa mtu wa maneno machache. "Tutazame," akasema.

"Tazameni mpaka mchoke!" nikajibu. "Akong'o! Obiero! Njooni muwainulie wazee hayo makopo."

Wakainua. Akong'o mikebe, Obiero madebe. Kila walipoinua, chini palikuwa udongo mtupu na mdudu mmoja mmoja akikimbia. Mdomo wangu huu haujui kungoja, nikaanza kujigamba. "Ona, shemeji! Hayo yamepandwa wapi? Ua la kopo likiambiwa twende, linakwenda."

Likabaki debe la mwisho, la waridi jekundu, lililokaa kati ya mlango wangu na mlango wao. Lilikuwa zito, na tangu lifike hakuna aliyelisogeza, hata siku ile ya mvua ya mawe. Obiero akalishika, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa nguvu, kutu ikavunjika mkononi mwake, na sote tukaona. Kitako cha debe kilikuwa kimeliwa chote, na mzizi mnene kama kidole gumba umeshuka moja kwa moja ardhini.

"Limepandwa!" Ogari akapiga kelele. "Wazee, mmejionea wenyewe!"

"Sikujua, wazee wangu," Akong'o alisema. "Ni kutu. Nitaukata sasa hivi."

Nyasani akatikisa kichwa. "Mwanangu, lililoota limeota."

Akong'o hakubisha. Aligeuka akaingia ndani, nikamsikia akivuta sanduku la nguo kutoka mvunguni.

"Hilo waridi ni langu," nikasema.

Ogari akanikodolea macho. "Lako? Tangu lini wewe Kemuma ukapanda maua?"

"Unaniuliza wewe kama nani? Uwanja ni wangu, mlango ule ni wangu. Mtu akipanda kwake anaitiwa wazee? Kama nimekosa, nipelekeni kwenye baraza la chifu mkawaambie watu kwamba mjane amepanda ua nyumbani kwake!"

Mzee Nyasani alilitazama waridi, akanitazama mimi, akautazama mlango alioingilia Akong'o. Akakohoa, na nadhani kile kikohozi kilikuwa kicheko. "Mwenye uwanja amesema," akasema. "Ogari, twende nyumbani."

Walipopotea barabarani, Akong'o alitoka macho mekundu, ameshika jembe. Alipiga magoti mbele ya waridi na kuanza kufukua.

"Unafanya nini wewe?"

"Nautoa huo mzizi, Mama. Usije ukakuletea maneno tena."

"Gusa ua langu uone!" nikamfokea. Nikamnyang'anya jembe.

Akabaki pale chini akinitazama. "Na wewe hujui maua, Mama. Nani atalimwagilia?"

"Wewe," nikasema. "Kwani unakwenda wapi?"