Pipa la Tetemeko

Mwalimu wa sayansi wa binti yangu Glory alitoka Japani, nchi ya visiwa ambako watoto hufundishwa tetemeko kabla ya kusoma. Mwaka 2007, ardhi ilipoanza kututikisa hapa Bashay, aliita wazazi shuleni. Akatuambia mama yake ana pipa la taka la plastiki, lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake hakuna taka hata chembe. Kuna maji, chakula, blanketi na tochi. Linakaa nje, mbali na ukuta, na haliguswi mpaka siku ya tetemeko.

Wazazi wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda mnadani. Nyumba yetu ni tembe, paa lake ni udongo mtupu, na watoto wangu wanne wanalala chini yake. Nikayakalia mapipa, nikayapiga mateke. Moja jekundu lilinuka mafuta ya taa, nikalirudisha. Mume wangu Basili hakucheka. Aligonga kila pipa kwa kidole, akasema, "Chukua hili jeusi, Mama Glory. Hili halipasuki." Akalibeba begani mpaka nyumbani. Siku hiyo nilijiona nimeolewa.

Nikaweka madumu ya maji, unga na blanketi mbili, nikafunga kwa kamba ya katani, nikatangaza: atakayefungua kabla ardhi haijatikisika atanitambua. Kwa miezi minne hata mimi mwenyewe sikuligusa.

Kisha nikaenda Dongobesh kumuuguza dada yangu siku sita. Niliporudi Alhamisi, Glory alinipa shikamoo bila kuniangalia usoni, akaingia jikoni. Nikadhani kazi za nyumbani zimemchosha.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakunywa uji, vikombe vikaanza kugongana.

"Nje! Nje wote!" nikapiga kelele.

Tukatoka mbio, udongo wa paa ukitudondokea mabegani. Ukuta wa upande wa ng'ombe ukapasuka toka juu hadi chini, lakini hakuna aliyeumia. Majirani wakakusanyika uwanjani kwetu, na sitaficha, nilijivuna. Wale waliocheka walikuwepo wote. Nikakata kamba, nikafunua.

Pombe. Imejaa mpaka juu, inatoa povu.

"Unga wangu uko wapi?" nikauliza.

Basili akageukia ng'ombe wake. Aliyenijibu ni jirani yetu Hhando, mzee asiyejua kunyamaza.

"Funika, shemeji, utaiharibu. Hiyo ni ya Jumapili, ya wageni kutoka kijiji cha Masieda wanaokuja kumposa Glory. Kwani hukuambiwa?"

Basili huyu aliniahidi mbele ya katekista kwamba Glory haolewi kabla ya kumaliza kidato cha nne. Yuko cha pili. Na alijua mimi huchungulia kila chungu na kila debe la nyumba hii, isipokuwa pipa lile. Alinifichia siri yake ndani ya neno langu mwenyewe. Nilitamani kumpasua kichwa kwa mfuniko.

"Sema mbele ya watu, Basili."

"Imeshapangwa," akasema. "Ukoo umekubali."

Nikalisukuma pipa kwa mikono yote miwili. Pombe ikamwagika mpaka miguuni kwa Hhando, naye akalia kuliko alivyolia wakati wa tetemeko. Nikamgeukia binti yangu.

"Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, mama. Mimi ndiye niliyeikoroga."

"Na hukuniambia?"

Ndipo akaniangalia usoni mara ya kwanza tangu nirudi, machozi yakimtiririka.

"Nikuambie nini? Baba alisema wewe ndiye uliyetaka. Alisema ulikimbilia Dongobesh kwa sababu uliona aibu kuniambia."

Nikamwambia si kweli. Nikamwapia kwa Mungu. Glory akamtazama baba yake, akanitazama mimi, na nikaona kabisa kwamba hajui amwamini nani.