Kivuli cha Maabara ya Got Winyo

Saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Mercyline alisimama uwanjani na tepu mkononi akapima kivuli cha maabara. Urefu mita kumi na mbili, madirisha manne, mlango mmoja. Akaandika kwenye daftari kama alivyofanya kila siku ya shule tangu Oktoba, kisha akamfukuza kuku aliyelala karibu na dirisha la tatu.

Maabara yenyewe haikuwapo. Mahali ilipopaswa kusimama, kati ya ofisi na tangi la maji, palikuwa na nyasi, jua na mbuzi wa jirani. Kivuli kilikuja Jumatatu moja, siku chache baada ya ripoti kusomwa Bungeni Nairobi kwamba shule kumi na mbili za kando ya ziwa, hii ikiwamo, zimekwisha kujengewa maabara. Watu wa Got Winyo, upande huu wa Kombewa, walikitazama, wakakubaliana kwamba ni kipana, wakaendelea na shughuli zao. Asubuhi kililala upande wa vyoo. Jioni kilivuka ua hadi kwa Mama Apiyo na kulala juu ya omena aliyoanika, wale dagaa wa ziwani. Siku za mawingu hakikuja kazini.

Gredi ya Tisa walikifuata na madawati yao. Kilikuwa na ubaridi wa kweli, hilo lazima tukubali. Kilikuwa hata na kivuli cha mfereji, ila ukikinga kikombe chini yake hupati kitu.

Mwaka huo Gredi ya Tisa wangechagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, na Sheryl, binti wa Mama Apiyo, alitaka sayansi. Alijua vipimo vyote vya asidi kwa kichwa. Hakuwahi kushika testitubu. Sasa orodha ya shule zisizo na maabara, zitakazojengewa, ilikuwa ikitungwa upya, na kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu ilikuwa imeandika barua kwamba itafika Ijumaa kujionea kwa macho yake. Mercyline alitaka neno moja tu liingie kwenye ripoti yao: haipo.

Alikuwa na mpango. Mwezi wa Machi, saa sita na dakika arobaini, jua husimama utosini, na kivuli kilikuwa kikijikunja na kuisha kabisa kwa dakika tano. Alikuwa amelipima jambo hilo mara kumi na moja. Barua ilisema kamati itafika saa tatu asubuhi, na waheshimiwa wakiandika saa tatu, hakuna mtu mwenye akili anayeinjika chai kabla ya saa sita. Mercyline aliuweka moyo wake wote kwenye kuchelewa kwao.

Ijumaa hiyo wakafika saa tatu kasoro dakika tano, magari manne, taa zikiwaka. Mwalimu mkuu, Bwana Oluoch, alikuwa bado anafunga tai.

Kibaya zaidi, Bwana Oluoch alikuwa amezungusha mawe kwenye kivuli cha saa tatu, akayapaka chokaa yote, na mlangoni akapanda maua. Mercyline alipolalamika jana yake, alimjibu kwa upole, "Madam, wageni hawawezi kukuta shule imekaa ovyo." Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa haya, na haya zake zilitokea kwenye chokaa.

Waheshimiwa walikuwa saba. Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Waceke, mama mfupi mwenye sauti ya kanisani, alitazama kivuli, akatazama mbuzi, akatazama kivuli tena.

"Hii ndiyo maabara?"

"Ni kivuli chake, Mheshimiwa," akasema Mercyline. "Maabara haipo."

"Na kama haipo, kivuli inatoka wapi?"

Karani wa kamati, Bwana Wabwire, aliliandika swali. Jibu hakuliandika, kwa sababu mheshimiwa mmoja alisimama na hoja ya nidhamu: je, kanuni zinairuhusu kamati kuketi ndani ya jengo inalolikagua? Walijadiliana kwa robo saa juani. Mwenyekiti akaamua kwamba zinaruhusu, kwa kuwa jua ni kali. Viti vikapangwa kivulini, ndani ya mawe meupe, na wote wakasema pana hewa nzuri.

Mercyline aliona hana budi kuwazuia kwa saa tatu na nusu. Akaomba utambulisho. Walimu wakajitambulisha, kisha wazazi, kisha waheshimiwa, na kila mheshimiwa alijitambulisha pamoja na barabara za eneo lake. Kitabu cha wageni kikazunguka. Gredi ya Nne wakakariri shairi kwa Kiswahili, Kiingereza na Dholuo. Mama Apiyo akapewa nafasi ya kuwasilisha ombi la wananchi.

"Mimi sina shida na maabara," akasema. "Shida yangu ni hii kivuli kukuja kwangu jioni. Omena haikauki. Inanuka mpaka nyinyi mtasikia huko Nairobi. Muisongeshe kidogo tu."

Kamati ilipokea ombi. Kufikia saa sita viti vilikuwa vimesogezwa mara sita kukifuata kivuli, na mawe ya Bwana Oluoch yalikuwa yamebaki nyuma yakizunguka nyasi tupu. Hakuna aliyeyatazama.

Saa sita na dakika ishirini na tano, Mheshimiwa Waceke akatazama saa yake. Walitakiwa Awasi saa nane. Akaanza kushukuru.

"Mheshimiwa, hamuwezi kutoka hapa bila kula," Mercyline akasema.

Hilo halikuhitaji hoja. Sufuria za samaki zikaletwa, ugali ukapangwa, maji ya kunawa yakapitishwa. Wakamaliza kunawa saa sita na dakika thelathini na tano. Mercyline alijua njaa ya wabunge: wangekula, wafute mikono na kuingia garini bila kutazama chini. Alihitaji dakika chache za kuwatuliza mikono mbali na sahani. Akaona njia moja tu.

"Mama Apiyo atatuombea," akasema.

Got Winyo nzima inayajua maombi ya Mama Apiyo. Chai ya matanga imewahi kupoa ikapashwa moto mara mbili akiwa bado kwa Nuhu. Mercyline alifikiria urefu wa maombi. Macho hakuyafikiria.

"Tufumbe macho," akasema Mama Apiyo.

Wakafumba, waheshimiwa, walimu, madereva. "Nyasaye Wuonwa," akaanza, akimwita Mungu Baba kwa Dholuo, akashukuru kwa mbingu, kwa ziwa, kwa samaki mmoja mmoja kufuata ukubwa, kwa wavuvi mpaka Port Victoria. Saa sita na dakika arobaini kivuli kikajikunja kama mkeka, kikaisha. Wajumbe saba walikaa juani wazi mbele ya kiwanja kitupu chenye mbuzi, jasho likiwashuka hadi kwenye kola. Mercyline peke yake ndiye aliyekuwa akitazama. Alikohoa. Alisema "Amina" kwa sauti, mara mbili. Mwisho akamgusa karani begani.

"Madam," akanong'ona Wabwire bila kufumbua macho, "tunaomba."

Mama Apiyo alipofika kwa wajane na mayatima, kivuli kilikuwa kimekwisha kuchomoza upande wa pili, wa mashariki. Amina ikasemwa.

"Hayo ni maombi ya moto," akasema Mheshimiwa Waceke, akijifuta uso. Akageuka. "Kumbe huku pia iko."

Wabwire aliandika: maabara mbili.

"Mheshimiwa, mngeangalia sasa hivi tu," akasema Mercyline kwa hasira na kwa aibu, maana maombi aliyaita yeye. "Kivuli kilikuwa kimeisha chote."

"Sasa hivi tulikuwa na Mungu, mwalimu," akasema Mheshimiwa Waceke kwa upole, akajikatia kichwa cha samaki.

Ripoti ilisomwa Bungeni mwezi wa Juni. Ukurasa wa sitini na moja ulisema Got Winyo ina maabara mbili, ya asubuhi na ya alasiri, zenye hewa na zilizopakwa chokaa, na kwamba kamati iliketi ndani ya zote mbili. Jina la shule likafutwa kwenye orodha. Jumatatu iliyofuata vivuli vilikuwa viwili, kila kimoja upande wake, vikisogea na jua kutwa nzima, na saa sita na dakika arobaini hapakuwa tena na mwanya kati yao. Mama Apiyo alihamishia omena yake juu ya bati. Siku hizi huomba macho wazi, akiichunga.

Fomu za kuchagua mkondo zilipokuja, sehemu ya maabara ilikuwa imekwisha kujazwa kwa mashine: 2. Sheryl aliitazama, akaandika jina lake chini, akampa Mercyline fomu.

"Madam, testitubu ni nzito?"

Mercyline alikuwa ameishika mara ya mwisho akiwa chuoni.

"Ni nyepesi," akasema. "Nyepesi sana. Ukiishika unaogopa itavunjika."

Sheryl alitikisa kichwa polepole kukubali, akakunja vidole kana kwamba amebeba moja. Kisha jua likasogea, na darasa likainuka kubeba madawati.