Tarehe ya Marehemu Nizigiyimana

Cheti cha kifo cha mumewe kilikuwa ndani ya kitabu cha sala, na asubuhi ile Pudentienne alikitoa mara tatu kukisoma. Alikuwa amesoma miaka minne kwa masista, hakuhitaji mtu wa kumsomea. Nizigiyimana Damien, mkulima wa Nyakabere, alifariki tarehe 4 Agosti 1958. Sahihi ya padri, muhuri wa misheni. Aliona kila kitu kiko sawa.

Mwaka na miezi miwili ilikuwa imepita tangu kampuni moja ya ndege kule Usumbura imwite mwanawe Sévère kwa mahojiano. Ilitafuta vijana sita wenye diplome, wafundishwe urubani. Barua ile ilifika siku ya tatu ya matanga ya baba. Sévère aliishika, akamtazama mama yake, na mama akasema hapana. Mtoto mkubwa havuki mto Ruzizi kaburi la baba lingali bichi. Watu wangesema amelikimbia. Katekista Térence akaandika jibu, Sévère akatia sahihi: hawezi kuja, baba yake ni mgonjwa sana.

Ndivyo wanavyosema bondeni. Kifo hakitumwi kwa karatasi. Ukiambiwa ndugu yako ni mgonjwa sana, unachukua nguo za msiba na kuanza safari, wala huulizi amepewa dawa gani.

Matanga yakaondolewa. Sévère akarudi kufundisha shuleni Luberizi, na kila ndege iliyopita juu ya mashamba ya mpunga aliijua kwa mlio kabla haijaonekana. Akaomba tena. Novemba angetimiza miaka ishirini na sita, na kampuni haikuchukua aliyepita ishirini na mitano. Hakungekuwa na mara ya tatu. Wakamjibu aje, na alete uthibitisho wa sababu iliyomfanya akatae. Pudentienne mwenyewe alitembea hadi misheni kuomba cheti.

Wifi yake Geneviève aliwasindikiza hadi barabarani.

"Weye Sévère, ukifika kule juu utupe mvua kidogo. Mupunga inakauka."

"Nitaangusha jiwe juu ya bati yako, shangazi."

"Angusha! Minye niko na bati? Niko na majani."

Usumbura, Pudentienne aliketi kwenye benchi nje ya biro ya kampuni, rozari mkononi. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Mzungu wa kampuni aliuliza kwa Kifaransa, Sévère akajibu mgongo umenyooka, akiinamisha kiganja kuonyesha jinsi ndege inavyokata kona. Mara moja Mzungu alicheka, kicheko kizuri. Pudentienne akaenda kwenye fumbo la tatu la rozari akiwa na tumaini.

Kisha Sévère akatoa cheti. Mzungu akafungua faili, akachomoa barua ya zamani, akaviweka pamoja. Kidole chake kikakaa juu ya karatasi moja, kikahamia nyingine, kikarudi. Pudentienne aliona shingo ya mwanawe ikikakamaa. Akaingia bila kuitwa.

"Bwana, minye mama yake. Iko nini?"

Mzungu alijua Kiswahili. "Mama, mume wako alikufa tarehe ngapi?"

"Tarehe ine."

"Barua hii iliandikwa tarehe saba. Inasema ni mgonjwa."

"Ni kusema alikuwa amekufa, bwana. Kwetu tunasema vile. Kila muntu anasikia."

"Nani anasikia?"

"Batu."

Mzungu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mama, rubani akiniambia moteri ni mgonjwa, kumbe imekufa, nitawaambia nini watu walio ndani ya ndege?"

Mzungu akaandika neno moja kwenye faili, la kukataa, kisha akamrudishia cheti kwa mikono miwili.

Kamyo ya kurudi ilipofika daraja la Ruzizi, Sévère alimgeukia.

"Mama, usilie."

"Silii. Térence aliandika nilichomwambia."

"Najua. Na mimi nilitia sahihi."

Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye. Novemba ilipoingia aliacha ualimu, akapanda meli kwenda Albertville kufanya kazi kiwandani. Barua zake zilikuwa fupi. Pudentienne alimuuliza padri kama barua ile ilikuwa dhambi. Padri akasema ni desturi tu, hakumpa malipizi, naye akatoka kanisani na mzigo wake uleule.

Mwezi wa Desemba Geneviève aliugua homa siku mbili. Ya tatu hakuimaliza. Watu walipojaa uani, Térence alichukua kalamu.

"Mama Sévère, nimuandikie mutoto shangazi ni mgonjwa sana?"

"Andika amekufa."

Waliokuwa wakilia wakageuka kumtazama.

"Vile? Kwa karatasi?"

"Andika amekufa. Tarehe kumi na saba, saa tisa ya mchana."

Térence aliwatazama wazee. Norbert, mume wa marehemu, akainuka na kutoka nje, asisikie. Kalamu ilibaki hewani.

Pudentienne akaichukua. Akapiga magoti kwenye mkeka, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Alipofika kwenye tarehe, akapitisha kalamu juu yake mara mbili, ikolee.